Chumba Kisicho na Ukuta wa Mbele

Mwanamke aliyenifundisha kutengeneza kuta za uongo alikuwa Mjerumani, mzee wa karibu miaka themanini. Siku ya kwanza nilimwona amesimama mbele ya karakana yetu pale Nkende, mrefu, amevaa suruali ya kazi yenye madoa ya rangi, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mvulana. Alikuwa anatazama vitanda tulivyovipanga kando ya barabara. Hakuuliza bei. Alipiga magoti vumbini, akachungulia chini ya kitanda kimoja, akapitisha kidole pale mguu unapoungana na ubao wa ubavuni.

Fundi mwenye karakana akaniambia kwa sauti ya chini, "Mura, nenda kamsaidie huyo bibi. Nadhani ameangusha hereni."

Sikwenda. Mimi sina mazoea ya kwenda kwa mtu nisiyemjua. Yeye mwenyewe akainuka, akajikung'uta magoti, akauliza kwa Kiswahili cha polepole nani aliyetengeneza kitanda kile.

"Ni huyo hapo," fundi akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Lakini usimwulize kitu leo. Huyo ukimwuliza leo anajibu kesho."

"Vizuri," Bibi akasema. "Nitarudi kesho."

Na kweli alirudi. Wote tulimwita Bibi, na mimi nitaendelea kumwita hivyo.

Alikuwa amekuja Tarime kumtembelea mtawa mmoja waliyekua naye mji mmoja huko Ujerumani. Alipanga kukaa muda mfupi. Lakini parokiani alikuta kikundi cha vijana wakifanya mazoezi ya igizo, hadithi ya baba anayekufa na wanawe wanaogombania shamba kabla hajakata roho. Nyuma yao walikuwa wametundika shuka kwenye kamba. Bibi aliniambia aliitazama shuka ile akashindwa kulala. Ndipo akaanza kutafuta fundi wa mbao.

Kazi yake ya maisha ilikuwa kutengeneza mahali. Hivyo ndivyo alivyonieleza. Waigizaji huleta maneno, yeye huleta chumba ambacho maneno hayo yatasemwa ndani yake. Nilimwuliza kama ni kazi ya kujenga nyumba. Akasema hapana, nyumba ina kuta nne, na chumba chake kina tatu. Ukuta wa mbele haujengwi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokaa kutazama.

Tulifanya kazi nyuma ya karakana. Mimi nilipiga randa na kuunga fremu, yeye alizivika kitambaa cha marekani, akakipaka mchanganyiko wa gundi, majivu na udongo mwekundu mpaka ukikitupia jicho unaona ukuta uliosiribwa. Mikono ikiwa kazini, alisimulia. Nadhani alinisimulia mengi kwa sababu sikuwa namkatiza.

Alizaliwa Vita vya Pili vya Dunia vikielekea kwisha. Alipoanza kupata akili, mji wao ulikuwa bado nusu umelala chini. Kwenye mtaa wao kulikuwa na nyumba ya ghorofa iliyopoteza ukuta wa mbele tu. Mengine yote yalibaki. Ukisimama barabarani uliona juu chumba cha watu, karatasi za maua ukutani, koti kwenye msumari, kitanda kimesogea mpaka ukingoni. Wenyewe hawakuwepo tena. Yeye alikuwa mtoto mdogo, akaona ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuona, akawa anasimama kukitazama kila akipita na mama yake. Mama yake alimshika kichwa akamgeuzia upande mwingine. "Kile ni kitanda cha watu," mama yake alimwambia. "Hakitazamwi."

Baba yake alikuwa fundi viatu. Bibi alipomaliza shule ya kawaida hakukuwa na uwezo wa kumpeleka mbele, akaingizwa kwenye karakana ya rangi ya jumba la maigizo la mji wao. Miaka ya mwanzo aliosha ndoo. Baadaye akaruhusiwa kupaka. Huko kitambaa hutandikwa sakafuni, kikubwa kama uwanja wa nyumba, na mpakaji hutembea juu yake akiwa na soksi, ameshika brashi yenye mpini mrefu kama wa ufagio. Alijifunza kufanya kitambaa kiwe mbao, karatasi iwe jiwe, kamba ziwe msitu. Mzee aliyemfundisha alikuwa akimwambia kwamba mtu wa mwisho kabisa, yule aliyekaa mbali kwenye kiti cha bei ya chini, ndiye anayepaswa kuamini.

Kisha akahamia miji mingine. Ikafika wakati yeye ndiye anachora na wengine wanafuata mchoro wake. Alitengeneza magereza na majumba ya wafalme, na majiko mengi, kwa sababu, alisema, watu wa kwao hugombana zaidi jikoni. Magazeti yakamsifu. Aliolewa na mwigizaji mmoja, wakaachana. "Alikuwa mlango," aliniambia, "uliofunguka kwa kila aliyegonga." Hakupata mtoto.

Lakini jambo lililonifanya nimpende ni lingine. Kwao ni desturi kwamba igizo likionyeshwa mara ya kwanza, mwisho wake wote walioshiriki hupanda jukwaani kuinama mbele ya watu, na mchoraji wa mandhari naye huitwa. Bibi aliliogopa hilo kuliko kifo. Alijificha kwenye stoo ya kamba, alijificha chooni, na mara moja alijificha ndani ya kabati alilolitengeneza yeye mwenyewe, kabati la jukwaani. Mwigizaji mmoja mcheshi alimwona akiingia. Pazia lilipofunguliwa tena kwa ajili ya makofi, akaenda akalifungua lile kabati, na Bibi akaonekana amejikunyata kama kuku anayetaga.

"Walipiga makofi zaidi," alisema. "Mimi nilikaa ndani ya nyumba wiki nzima. Nilituma watu waninunulie mkate."

Nilicheka. Naye akacheka. Nikafikiri, kumbe mtu anaweza kuzeeka na aibu yake na bado akafanya kazi kubwa duniani.

Kuta zilipokuwa tayari, akataka kuona nyumba ya kweli ya kuiga. Watu wa parokia walimpeleka kwenye nyumba nzuri zenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Alishukuru, akanywa soda, akarudi kwangu amekunja uso. "Zile ni nyumba zinazosubiri mgeni," akasema. "Mimi nataka nyumba ya mtu anayelima."

Sijui nini kilinipata nikafungua mdomo. "Mama yangu anakaa Susuni," nikasema.

Tulikwenda Jumamosi. Mama alimpokea kama dada yake aliyepotea. Akampikia ugali wa muhogo na mtama kwa maziwa ya mgando, na Bibi akala kwa mkono bila kumwaga. Dada yangu ameolewa na Mkurya wa upande wa Kenya, karibu na Sirari, na kaka zangu wako migodini, kwa hiyo mama huwa peke yake, na mgeni wa kike kwake ni sikukuu. Wakashikana mikono, wakazunguka boma lote. Baada ya chakula Bibi akaomba kuona na ndani. Mama akafungua pazia la chumba chake, wakaingia wote wawili.

Mimi nilibaki uani na kuku.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Wakurya kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni aibu, na pia ni heshima, na huwezi kuvitenganisha hivyo viwili. Mtoto wa kiume akishatahiriwa haingii tena chumba wanacholala wazazi wake. Hakitazami kitanda chao na hakizungumzii. Mkwe ndiyo zaidi. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, na kuona mahali anapolala ni jambo ambalo mtu hataki hata kulifikiria. Mimi nilitahiriwa kabla ya baba kuugua. Alipoumwa, mchana walimleta sebuleni tukamsalimia, na jioni walimrudisha ndani. Alifia nyuma ya lile pazia. Mimi nilikuwa nimesimama upande huu, nasikia anavyopumua, kisha nikawa sisikii.

Bibi alitoka ndani na penseli sikioni. Alikuwa amechora karatasi nyingi.

Kesho yake akanipa michoro pale karakana. Ya kwanza ilikuwa sebule yetu. Niliijua mara moja, dirisha lenye upinde upande mmoja, msumari wa kalenda. Nikafurahi, kwa kweli. Kisha akanipa ya pili, akasema, "Na hiki ndicho baba atakachofia."

Kilikuwa kitanda. Vipimo vyote vilikuwepo, urefu, upana, unene wa miguu. Chaga mbili zilikuwa hazipo, na mahali pake aliandika kwamba kumewekwa vijiti. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umepasuka na kufungwa kwa waya, na ule waya Bibi aliuchora kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote, mzunguko kwa mzunguko, na ncha yake iliyokunjwa ndani ili isimchome mtu.

Mimi ni fundi wa vitanda. Kila wiki watu wananunua vitanda nilivyotengeneza, wengine wanavibeba juu ya pikipiki mpaka vijijini, na mama yangu alikuwa analala juu ya mguu uliofungwa waya. Sikuwa najua. Nisingeweza kujua, na yeye asingeweza kuniambia, kwa sababu kunitajia kitanda mimi mwanawe kungemvunjia heshima. Nilisimama na karatasi ile mkononi, uso unawaka kama mtu aliyepigwa kofi.

"Huna mbao za hivyo?" Bibi akauliza.

"Ninazo," nikasema.

Ningepaswa kusema palepale. Nimewaza sana ningesema nini. Kusema "hiki ni kitanda cha mama yangu, kisionyeshwe" ni kukitaja, na kukitaja ndilo kosa lenyewe. Nilikaa kimya, nikakitengeneza. Nilikitengeneza vizuri. Hata mpasuko wa mguu niliupasua mwenyewe kwa patasi, nikaufunga waya, na nilipokunja ile ncha kwa koleo nilitazama pembeni.

Mara mbili nilijaribu. Mara ya kwanza nilimwambia Bibi labda kitanda kisogezwe nyuma ya ukuta, watu wasikie tu sauti ya mgonjwa. Akaniangalia kwa furaha, akidhani nimeanza kuwaza kama msanii. "Wazo zuri," akasema, "lakini wana wa kiume wanagombana, lazima tumwone baba anawasikia." Mara ya pili nilifika hadi kwenye mlango wa nyumba ya watawa alipokuwa amefikia, nikakuta wanasali, nikarudi.

Onyesho la kwanza lilikuwa Mugumu. Tulipakia kuta kwenye fuso, tukaziunga ukumbini, watu wakajaa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba. Sehemu ya kwanza yote ni sebuleni, halafu wanaposema baba amezidiwa, mimi huvuta kamba, pazia la ndani linafunguka na kitanda kinaonekana. Watu wa Mugumu walilia, walicheka, wakaenda zao. Hakuna aliyemjua mama yangu. Nikaanza kujidanganya kwamba mambo yamepita.

La pili lilikuwa Tarime mjini. Dada yangu akanipigia simu amechangamka. "Tunakuja na shemeji yako. Na mama nimeshamwambia, tutamchukua. Anataka kuona ulichotengeneza."

Nilimwambia ukumbi ni mdogo. Akasema watasimama.

Hawakusimama. Mama alikaa benchi la mbele pamoja na akina mama wa parokia, amevaa kitenge chake cha kanisani. Shemeji alikaa mbali naye kama inavyotakiwa, benchi la tatu upande wa wanaume, na mfuko wa karanga mapajani. Niliwaona wote kupitia tundu la pazia. Igizo likaanza. Watoto wawili wa kwenye igizo wakaanza kugombania shamba, na yule aliyecheza mwana mkubwa alikuwa na vichekesho, shemeji akawa anacheka huku akimenya karanga. Mimi nimeshika kamba.

"Sasa," Bibi akaninong'oneza.

Sikuvuta.

"Sasa," akasema tena, akanigusa bega.

Nikavuta. Kitanda kikaonekana, na baba wa kwenye igizo juu yake, anakohoa. Nikamtazama mama. Mikono yake ilikuwa mapajani. Uso wake haukubadilika. Alitazama mbele kama wenzake wote wanavyotazama. Nikamtazama shemeji, anatafuna. Hakuna kilichotokea, na nadhani kisingetokea.

Lakini yule aliyecheza baba alikuwa kijana wa maneno mengi, akaona watu wanamfurahia, akaongeza lake ambalo halikuwepo kwenye mazoezi. Akapiga ubao wa kitanda kwa kofi, mguu wenye waya ukatikisika, akasema, "Nyinyi mnagombana, na kitanda hikihiki ndicho kilichowazaa nyote."

Ukumbi mzima ukacheka.

Sikumbuki kuiachia kamba. Nakumbuka niko jukwaani, kwenye mwanga, na turubai tulilofunikia kuta ndani ya fuso liko mikononi mwangu. Nikalitupa juu ya kitanda, likamfunika na baba mwenyewe. Nikasimama mbele yake nimepanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani.

Watu walicheka zaidi. Walidhani ni sehemu ya igizo. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Na huyu ni mtoto wa mke gani?" Chini ya turubai yule kijana akawa ananing'ata kwa maneno, "Toka bwana, mimi sijafa bado."

Ndipo niliposema. Mimi ambaye shuleni nilikuwa nikiitwa kusoma najificha nyuma ya kitabu, nilisema kwa Kikurya, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, kwamba wasitazame, ni cha mama.

Kicheko kilikatika palepale. Wakurya walielewa, na wasio Wakurya waliwatazama Wakurya wakaelewa. Shemeji aliacha kutafuna. Aliinuka taratibu, macho yake chini kabisa kwenye sakafu, akapita kati ya magoti ya watu bila kuinua uso, akatoka. Karanga zilimwagika benchini. Mama alivuta kitenge cha begani akajifunika kichwa, na wale akina mama waliokaa naye wakageuka kila mmoja upande wake, wasimwone.

Bibi ndiye aliyefunga pazia.

Baadaye, watu walipokuwa wametoka, alinikuta nyuma ya kuta zetu nimekaa juu ya sanduku la misumari. Nikamweleza, maneno yalitoka mawili mawili. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje?"

"Nimechora vyumba vya watu maisha yangu yote," akasema. "Hakuna siku niliyowauliza wenyewe."

Tulikitenganisha kitanda kile sisi wawili, yeye akishika na mimi nikigonga. Waya niliukata.

Kesho yake nilikwenda Susuni peke yangu. Mama alikuwa anapalilia mihogo. Nilimwamkia, nikasimama mwisho wa tuta kama mtu asiyejua shamba. Hakuinua mgongo.

"Ungekaa," akasema.

Aling'oa gugu, akalitupa pembeni.

"Mimi niliona tangu mlipofungua. Nikajiambia, vitu vya namna ile viko kila nyumba, nani ajue ni kwa nani? Ungekaa tu, mwanangu. Kingekuwa cha mtu yeyote."

Aliendelea kupalilia, na mimi nikachukua jembe la pili nikapalilia tuta la pembeni, nikimfuata nyuma kidogo ili asilazimike kunitazama. Ndivyo nilivyoelewa. Mama alikuwa amenikinga mimi na mkwe wake kwa kukaa kimya tu, mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyekwenda kuvunja.

Bibi alitaka kwenda kuomba msamaha. Nilimpelekea mama ujumbe. Akajibu, "Mwambie aje tunywe uji. Msamaha wa nini?" Bibi akaenda. Aliniambia baadaye kwamba walizungumza habari za maboga tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda, na kila alipojaribu kuligusa lile jambo, mama alimwongezea uji.

Kabla ya kurudi kwao, Bibi alikuja karakana kama mteja mwingine. Alichagua mbao yeye mwenyewe, mninga mzito. Alinipa vipimo kwa mdomo, na nilivijua, ila miguu ilikuwa minene zaidi. Nilikitengeneza kitanda kile bila msumari hata mmoja unaoonekana. Gari la watawa likaja kukichukua.

"Kinaenda wapi?" fundi aliniuliza tulipokuwa tunakipandisha.

"Sijui," nikasema.

Na ni kweli, sijui. Nikienda Susuni ninakaa sebuleni, pazia limefungwa, na mimi siyo mtu wa kuuliza. Bibi naye sikumwuliza. Aliondoka baada ya siku chache. Kuta zetu za uongo ziko stoo ya parokia. Yule mtawa rafiki yake huniambia Bibi bado anaishi, miguu inamsumbua, na ameacha kabisa kwenda kwenye maigizo.

Kilichobaki kilikuwa shemeji. Hakukanyaga kwetu msimu mzima. Dada alipokuja alikuja na watoto peke yake, akasema mumewe ana shughuli nyingi Sirari. Mama akasema biashara ni ngumu siku hizi. Kila mtu alisema biashara ni ngumu. Mimi usiku sikulala vizuri, na mchana nilikuwa nikisikia watu wanacheka barabarani nadhani wananicheka mimi, na wakati mwingine ni kweli. Vijana wa Nkende walikuwa wakipita karakana wakisema, "Fundi, funika hicho, mama yako anapita."

Wakati wa kuvuna mahindi, shemeji alikuja. Alisimamisha gari nje ya boma, akamsalimia mama kwa mbali, naye mama akaitikia akiwa jikoni, uso ameuelekeza kwenye moto. Dada alishusha mizigo. Watoto wakakimbilia mbuzi. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi uani, na nilitamani ardhi inimeze pamoja na magunzi yake.

Akaja akaketi kwenye gogo karibu nami. Akachukua hindi, akaanza kupukuchua.

"Sasa shemeji," akasema, kwa sauti iliyofika jikoni. "Ile siku ya mchezo wenu pale Tarime. Ulikuwa mchezo mzuri sana. Lakini mimi sikuuona wote. Pale mwanzo tu wanapogombania shamba nilisikia kiu, nikatoka kununua maji. Foleni ikawa ndefu hivyo. Kurudi, nakuta watu wanatoka."

Dada yangu aliacha kushusha mizigo, akatazama mikono yake.

Mimi hujibu kesho, wote wanajua. Lakini nilijua hili halingoji kesho.

"Maji uliyapata?" nikamwuliza.

"Niliyapata. Baridi kabisa."

Jikoni mama alikuwa anakoroga. "Siku ile kulikuwa na joto," akasema, hakugeuka.

"Joto sana, mama," shemeji akasema.

Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu waliingia ukumbini na matope miguuni, na mimi mwenyewe ndiye niliyefagia jukwaa.

"Sana," nikasema. "Hata mimi nilitafuta maji."